Mbawakawa wa Arobaini na Moja

Aina arobaini na moja za mbawakawa! Roho ilimuuma mtafiti. Miaka tisa maabarani, na kipande chake cha msitu kimetoa arobaini tu. Leo binti wa juzijuzi anampiku.

"Dada, nikagulie kabla sijampelekea profesa."

Mtafiti akaiinamia trei ya mbawakawa wa binti. Wa kumi na mbili alikuwa na pembe nyembamba kama ncha ya sindano. Wa kumi na tatu hakuwa nayo, ila mengine yote sawasawa. Dume na jike, mtu na mkewe, wamehesabiwa aina mbili!

Furaha ikamtekenya. Acha akaumbuke huko.

"Safi kabisa, mdogo wangu."

"Asante, dada!" Binti akamsogezea fomu na kalamu. "Basi tia sahihi hapa, palipoandikwa 'Mkaguzi'."