Maji Hayajaiva

Matone ya dawa ya kupimia maji yaligeuka kijani ndani ya kichupa, na mume akainua macho polepole kumtazama mkewe.

"Tena?" mke akauliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Haya! Mke, ambaye ni fundi cherehani, aliendelea kupinda sketi ya mteja. Angejibu, jengo zima lingesikia.

Kwa mgeni, tangi lile lilikuwa kichekesho. Kioo kikubwa kilichojaza pembe nzima ya sebule, taa ya buluu, pampu inayonguruma kutwa, maji ya chumvi yaliyopimwa kama dawa ya mtoto, mchanga mweupe, na mawe ya matumbawe. Samaki? Hata wa dawa hamna. Mume alikuwa ameeleza mpaka koo likamkauka: maji mapya ni sumu, lazima yaive kwanza. Vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe, viimalize ile sumu, mpaka kichupa kitoe rangi ya njano. Ukitia samaki kabla ya hapo, umemzika.

Majirani wakambatiza Bwana Chumvi. Hata baba yake, dereva wa treni mstaafu aliyehamia kwao tangu afiwe na mkewe, hakubaki nyuma. Alivuta kiti mbele ya kioo tangu asubuhi, na jioni mwanawe akirudi kazini alimwuliza, "Unawaonaje leo? Wamechangamka, eh?" Nao wakacheka mpaka machozi.

Siku hizi hakuna aliyecheka. Kila maji yalipokaribia njano, yalirudi kijani. Mume alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kufukuzana na hitilafu mpaka aikamate. Akaingiza mkono nyuma ya mawe, akatoka na uchafu laini unaonuka. Mkate uliooza. Kuna mtu anautia makusudi.

Na nani aliyeitaka ile pembe kwa ajili ya cherehani yake? Nani aliyesema, siku walipogombana, "Natamani yaoze hayo maji yako"? Alisema, ndiyo. Hasira zilimpanda, akasema. Lakini mkate? Haki ya Mungu hakuutia.

"Jumamosi kaka yako anakuja," mume alisema, akifunga vichupa vyake. "Tutakaa kikao. Mimi huniambii, basi utamwambia yeye."

Kikao! Kwa ajili ya maji! Sindano ilimchoma kidole. Kaka ndiye aliyemlea, na hakuwahi kumshika na uongo hata siku moja. Leo akalishwe kitini mbele yake kama mwizi wa kuku?

"Muache mwenzio," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake. "Hawa hawapendi kelele."

Mume akabeba begi la vifaa akaondoka bila kuaga.

Mke alibaki na kitambaa mapajani, akipiga hesabu. Nyumba hii ina watu watatu. Yeye anajijua. Mume hawezi kuharibu kitu anachokilalia na kukiamkia. Anabaki nani? Lo! Mzee huyu anayemtetea kila siku, anayemwita binti yangu, anayekula chakula chake na kukisifu, kumbe anamchimba chini kwa chini! Anataka mwanawe awe wake peke yake. Alihisi uchungu mpaka kwenye meno.

"Leo nakufumania," akasema kimoyomoyo.

Mchana alimtumia mume ujumbe: Njoo sasa hivi, uone kwa macho yako. Kisha akajitanda mtandio, akapaza sauti, "Baba, napeleka nguo ya mteja!" Akaufungua mlango, akaubamiza, akanyata hadi jikoni na kusimama nyuma ya pazia.

Pampu ilinguruma. Jasho lilimtiririka mgongoni, na hakuthubutu hata kujifuta. Kiti kikakwaruza sakafu. Mzee aliinuka, akautazama mlango, akautazama tena, kisha akatoa mfukoni kipande cha mkate wa asubuhi. Akaufikicha juu ya maji, taratibu, chembe baada ya chembe, kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza.

Umepatikana! Huko ngazini viatu vizito vya mume vilikuwa vimeshaanza kupanda. Sasa kaka atajua. Ukoo mzima utajua. Akalivuta pazia.

"Baba! Kumbe ni wewe!"

Mzee hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni, uso umemchanua kwa furaha.

"Taratibu, binti yangu, utamtisha yule wa mistari. Ana mayai. Ndio kwanza ametoka kula. Njoo umwone, yule pale, pembeni ya jiwe."

Mke aliinama. Akakifuata kidole cha mzee kilipoelekeza, akatazama, akatazama tena: jiwe na maji matupu. Viatu vilikuwa vimefika kwenye mlango.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Baba."

"Mzuri, eh?"

"Mzuri sana."

Mume akaingia akihema. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye chembe za mkate zilizokuwa zikizama, kisha kwa baba yake, kisha kwa mkewe, ambaye alikuwa ameshakichukua kipande kilichobaki kwenye mkono wa mzee.

"Nani?" akauliza.

"Ndiyo nimekuita nikwambie," mke akasema. "Ni mimi. Kaka akija, nitamwambia mwenyewe."