Kikoi cha Idi

Uzazi wa tatu nusura umuue Mwanarusi kwa presha. Vidonge na sindano vya kupanga uzazi vilizidi kuipandisha, koili ikamtoa damu mwezi mzima. Kilichobaki ni kufungwa kizazi, na kisu alikwisha kukionja mara tatu.

Leo kliniki jambo moja lilimshangaza: mumewe alikuwa amevaa kikoi chake cha Idi, na Idi yenyewe bado mbali.

Muuguzi akatokea mlangoni. Mwanarusi akainuka.

“Kaa, mama. Anayefungwa mirija ni baba.”

Mumewe alikuwa keshasimama, akitokwa jasho, akicheka kama bwana harusi.

“Niliambiwa nivae nguo isiyobana,” alisema. “Nishikie makubadhi.”

Mwanarusi aliyakumbatia yale makubadhi, akapiga kigelegele. Wanawake wote kwenye foleni wakaitikia, hata harusi ni ya nani hawajui.