Karavani ya Bukwe

Joël alingoja maman Antoinette aweke sakoshi yake ya mukono chini, kisha akasema na sauti ya kila muntu kusikia: «Mugongo inaniuma. Miye njo nitalala mu karavani.»

Tonton Hilaire, mukubwa wa famille, alikuwa anafungua parasol, akaiacha nusu.

Camping ilikuwa pembeni ya muto, kule Ardennes, masaa mbili na nusu na motoka toka Bruxelles. Famille ya Claudine, bibi ya Joël, inakutanaka pale kila mwezi wa saba: bamoja banatoka Lille, bengine Bruxelles, bengine Köln. Bote banalala mu tente. Karavani ilikuwa moja tu. Joël mwenyewe aliikodi, akaivuta toka kwake Forest, Bruxelles, juu ya maman Antoinette, mama mukwe wake, magoti inamuuma. Ni vile aliambia kila muntu: juu ya magoti ya maman.

Ilikuwa uongo.

Kwabo, mukwe na mama mukwe habalale chini ya paa moja, na mumoja haonake mwenzake anakula. Maman Antoinette anaishikaka ile mambo kabisa. Modeste, bwana ya binti yake wa kwanza, mwenye kutumika mu pharmacie, akiingia kwake Ganshoren na mulango ya mbele, maman anatokea ya nyuma. Siku moja alimukuta Modeste mu tram. Akajifunika kichwa, akashuka arrêt ya kwanza, mu baridi. Joël aliona ile na macho yake.

Lakini Joël, maman hamukimbiake. Anamunyoosheaka kidole. «Weye petit, mutoto weye, masomo uliacha mwaka gani?» Anauliza vile mbele ya bageni, kila mara, kama muntu mwenye kusahau jibu.

Quatre ans sasa, miaka ine. Commune ya Forest, ofisi ya mutaa, ilisha kubaozesha yeye na Claudine, na ba tonton ya Joël, bakubwa ya kwabo, balileta valise ya dot, ndiyo mahari, kwa maman Ganshoren: pagne, costume ya papa, viatu. Maman alisukuma ile valise na muguu mpaka mu W.C. «Tutaona,» akasema. Ingali mule, haiyafunguliwa. Banawekaka juu yake papier ya choo.

Asubui, mu motoka, Claudine alikuwa amemulomba: «Subiri mpaka dimanche. Tonton Hilaire alisema ile jumapili tutaongea ya valise. Maman alishaitika.»

«Alishaitika, ao alichoka?»

«Ile si moja?»

«Hapana. Miye nataka mvula imunyeshee mara moja. Moja tu. Kisha dimanche baongee.»

Sasa Modeste akauliza: «Donc maman atalala wapi?» Alisimama mbali, amegeuza mugongo, sawa vile heshima inaomba.

«Tente iko,» Joël akasema. «Ile ya batoto, rangi ya rose, ya princesse. Zipu njo ilikufa.»

Muntu mumoja akaanza kucheka, akakohoa.

«Joël, bon, inatosha,» Claudine akasema.

«Ni mugongo, chérie.»

Maman Antoinette akavuta kitambaa, akajifunika kichwa mpaka ku macho, akamugeuzia Joël mugongo. Hakumunyooshea kidole, hakumuita petit. Claudine akashika mukono ya tonton Hilaire. Joël aliona tu kwamba maman ameshindwa.

Météo ilikuwa imesema mvula saa kumi na mbili ya mangaribi. Ikafika mbele ya saa. Ilimwagika kama muntu amepindua ndoo. Batoto bakakimbia, bakubwa bakajibana bote chini ya turubai ya karavani. Maman akabakia inje, palepale, pagne imemushika maguu, maji inatiririka ku sakoshi.

Joël aliikaa ku kitanda ya karavani, mulango wazi, sahani ya bukari na samaki ku magoti. Alikula polepole. Hakuyakulaka bukari tamu vile.

«Ingia, mama,» tonton Hilaire akalalamika. «Utagonjwa.»

«Hawezi,» Modeste akajibu. «Mukwe wake iko ndani.»

Mukwe. Ile neno, hakuna muntu wa ile famille alikuwa ameisema juu ya Joël. Mukono yake ikasimama njiani ya kinywa.

Claudine akaweka kichwa ku mulango. «Umesikia? Alors simama, umuachie nafasi. Alishakupa heshima mbele ya bantu bote. Unataka nini ingine?»

Joël akaangalia ule mugongo wenye kuloa. Akahesabu ile miaka.

«Dakika tano,» akasema. «Aongeze dakika tano.»

Alisema kwa nguvu kidogo. Inje, kichwa ya maman ikageuka.

Akatosha kitambaa ku kichwa, akaikamua, maji yote ikaanguka. Akapita kati ya bantu, akapanda ngazi ya karavani, akamusogeza Joël na kiuno, akaikaa naye ku kitanda. Akamuangalia mu macho muda murefu. Kisha akavuta ile sahani, akakata bukari, akachovya, akakula.

Chini ya turubai Modeste alibakia anaangalia, kinywa wazi.

«Modeste, geuka kule,» maman akasema, samaki mu kinywa. «Mukwe haonake mama mukwe wake anakula.»