Hodi Siku ya Posa

Siku hizi taka ikitupwa ufukweni hurudi yenyewe kwa aliyeitupa, na hubisha hodi kiungwana kama mgeni. Bi Mwanahawa alilijua hilo vizuri. Lakini siku wakwe walipokuja kumposa mjukuu wake Rukia, hodi ilipopigwa mlangoni ulimi ukamtangulia: "Karibu, pita ndani."

Ukaingia mfuko wa nailoni uliojaa chupa za soda na mifupa ya kuku wa sikukuu ya Idi, ukaketi mkekani.

"Huu wa nani?" akauliza mshenga, akikusanya kanzu yake. "Sisi hatuoi kwa wachafuzi."

Rukia akauma upindo wa mtandio. Bi Mwanahawa akatamani mkeka ummeze.

Ndipo Bi Zuwena, mama wa kijana, akaupakata ule mfuko kama mtoto. "Ni wangu. Umenifuata mpaka ukweni, hauna haya."

Mshenga akaiachia kanzu yake, posa ikapokelewa.

Wakati wa kuagana kando ya gari, Rukia akamnong'oneza Bi Zuwena, "Mama, ule mfuko ni wangu."

"Najua, mwanangu. Wangu nimeufungia kwenye buti ya gari."

Wakasikiliza hodi ikipigwa ndani ya buti, taratibu, kwa adabu zote.