Mfuko wa Kulia wa Royce Pickard

Rivolva iligoma kuingia mfukoni. Nadine aliisukuma kwa kiganja, akaizungusha, akaisukuma tena, mpaka mshono wa koti jipya la mumewe ukalalamika.

"Unaona?" alisema Delbert, mdogo wake Royce, aliyeegemea mlango na kofia yake pana kichwani. "Limevimba pale ubavuni kama kaiba kuku."

"Royce hajawahi kujali koti, shemeji."

Royce mwenyewe hakutia neno. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amezoea kuwaachia wanaopenda kuongea waongee.

Bwana Tuttle alijongea na pini zake. Kazi yake ilikuwa kuwaweka watu sawa katika siku zao kubwa, na kaunti nzima haikuwa na mtu wa kufunga tai kama yeye. Alilibana koti kwa nyuma, mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

"Umempaka na poda, Tuttle," Delbert alisema. "Kaka yangu anang'aa kama mtangazaji wa televisheni."

Bwana Tuttle alimtazama kama mtu anayetazama tope kwenye zulia, kisha akatazama saa. Kanisani, ng'ambo ya barabara, watu walishajaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wakichoma nyama tangu asubuhi, na pai zilikuwepo za kulisha nusu ya Texas. Yote kwa ajili ya Royce.

Sasa, Royce Pickard hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila silaha mfukoni. Alibeba akienda ibadani, akienda kwa kinyozi, akienda kutupa takataka. Tatizo ni kwamba alikuwa nazo mbili: rivolva fupi ya marehemu baba yao, na bastola ndogo bapa ya kisasa. Na alishatamka mbele ya mchungaji kwamba moja ataondoka nayo, nyingine apewe Delbert. Ipi ni ipi, hakusema.

Ile bapa Nadine alikuwa radhi aichukue shemeji yake hata sasa hivi. Rivolva, hapana. Mzee Pickard alichunga nayo ng'ombe maisha yake yote, na Delbert alishauza tandiko la mzee, saa ya mzee, na meno ya dhahabu ya mzee, ingawa habari ya meno mjini kwetu haisemwi mbele ya watoto. Rivolva isingemaliza wiki mikononi mwake.

"Tumia akili, Nadine," Delbert alisema. "Hii bapa inalala mfukoni kama pochi. Risasi sita, na ya saba iko tayari kwenye mtutu. Hilo dude la baba ni tano tu, basi."

"Tano zinamtosha. Mtu ambaye Royce atamkosa mara tano, huyo ni mzimu."

"Nzito."

"Hajalalamika. Na hiyo yako lazima mtu aivute aikoki. Vitazame vidole vyake vilivyokakamaa. Hata kifungo cha shati kafungwa na Bwana Tuttle."

"Ikishakokiwa imeshakokiwa."

"Na ikinasa uzi wa mfukoni? Imekwama. Rivolva unaifyatulia humo humo mfukoni na inaendelea kupiga. Yeye nafasi ya kuinua kiwiko ataipata wapi?"

Delbert alicheka kwa pua. "Umejifunza wapi hayo, jikoni?"

"Kwa mume wangu. Wewe ulikuwa kwenye mnada."

Bwana Tuttle alikohoa. "Yoyote mtakayochagua, iwe tupu. Silaha yenye risasi haitoki nyumbani kwangu."

"Royce bila risasi?" Nadine aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mumewe ataondoka bila suruali.

"Ndiyo, mama."

Hapo Delbert aliona muda unakwisha, akaamua kumaliza kazi. Aliinyooshea rivolva kidole kwa kinyaa.

"Nikwambie ukweli, shemeji? Hilo ni takataka. Limeshika kutu mpaka kwenye mpini. Ningeliokota barabarani ningemtupia mbwa, na mbwa angenirudishia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulitaka."

Nadine aligeuka taratibu.

"Bwana Tuttle, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Utanishuhudia. Delbert haitaki rivolva ya baba yake."

"Sijasema mimi siitaki," Delbert alisema haraka.

"Umesema hakuna mwenye akili timamu anayeitaka. Haya, chagua mwenyewe uko upande gani."

Uso ulimwiva Delbert kama nyama ya kule kanisani. Bwana Tuttle, ambaye hakuwa na desturi ya kutabasamu akiwa kazini, aliinama kutafuta pini ambayo haikuwa imeanguka.

Nadine akazitoa risasi tano, akamwonyesha Bwana Tuttle rivolva tupu, akaisokomeza kwenye mfuko wa kulia. Safari hii iliingia. Bwana Tuttle alipogeuka kuchukua brashi, zile risasi zikateleza kwenye mfuko wa kushoto. Sheria ya Bwana Tuttle ilikuwa juu ya silaha, si juu ya Royce.

Bastola bapa alimtupia Delbert kifuani.

"Chako hicho. Kauze."

Akamlainisha mumewe nywele kwa vidole, akambusu kwenye paji la uso.

"Tangulia, mzee wangu. Nitakukuta."

Bwana Tuttle akampisha apite, akamkunjia Royce mikono kifuani, akashusha kifuniko cha jeneza na kuanza kukaza skrubu, huku Delbert akizifuata moja moja kwa macho.