Unyayo wa Nne

Augustino alisimama uani akiwa na kamba ya kumfungia mbwa wake wa kulinda shamba. Jirani alikuwa anakuja na upinde kummaliza. Mwezi mzima mbwa yule alichechemea kwa miguu mitatu tangu alipojeruhiwa na waya wa kutegea nguruwe, na mwaka huo nguruwe walikivamia kijiji cha Kilimarondo kwelikweli.

Waya ule aliutega Augustino mwenyewe.

Lakini mbwa hakuwepo. Zilikuwepo nyayo zake tu, kwenye mchanga uliofagiliwa jana jioni. Augustino akachuchumaa.

Karibu na jiko mbwa alitembea taratibu, mguu wa nyuma ukikanyaga palepale ulipotoka wa mbele. Kuelekea shambani hatua zilirefuka. Alishika mchakamchaka, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto kwa pamoja, kisha ile mingine miwili. Na mguu mbovu ulikuwa umechora kucha zake zote nne.

"Mbwa yuko wapi?" jirani aliuliza akiingia.

"Yuko kazini," Augustino alijibu. "Mungu ni mwema, ndugu yangu."

Mkewe akatoka na ufagio.

"Mama Jenifa," Augustino alimwambia, "leo hapa usifagie."