Kidole cha Mkalimani

"Taifa hilo Mungu atalihukumu," mchungaji alisoma unabii, nami nikaelekeza kidole dirishani, kule mpakani, kama kila ibada.

Kazi yangu ni kuwatafsiria viziwi kwa ishara. Mdomo unaweza kusema "hilo" ukapita zake; mkono sharti uonyeshe upande.

Safu ya mbele, dada yangu, kiziwi tangu kuzaliwa, aliinua mkono. Mwanawe alichukuliwa na gari lisilo na namba, na hadi leo hatujui alipo. Akaniuliza kwa ishara, "Lipi?"

"Kuna nini tena?" mchungaji alinong'ona.

"Anauliza ni taifa lipi, baba mchungaji."

Akamtupia jicho mgeni rasmi, aliyekaa nyuma yangu akijipepea kwa kofia yake ya kijeshi. "Mwambie la jirani. Kwani halijui?"

Nikainua mkono. Dada alikikazia macho kidole changu, ukucha nilioutafuna hadi kwenye nyama.

Kikashuka chenyewe, kikaonyesha sakafu.

Safu nzima ya viziwi ikainama kutazama pale chini. Shingoni mwangu, upepo wa ile kofia ukakatika.